Mzinga Ukijaa

Mwezi wa tatu mwaka jana kikundi chetu kilikuwa na mizinga sita yenye nyuki. Kufika katikati ya mwezi wa tano tulikuwa tumebaki na mitatu. Hakuna mwizi aliyetuingilia, wala hakuna aliyepulizia dawa. Nyuki waliondoka wenyewe, mchana kweupe, huku sisi vijana ishirini na wawili tukiwatazama, wengine wakipiga sufuria, wengine wakirusha mchanga hewani. Na mkubwa wa kikundi nilikuwa mimi.

Mvua za mwezi wa tatu zimeanza tena hapa Nakivale. Ndiyo maana naandika sasa, kabla maua hayajafunguka yote. Ukiwa na mzinga, au ukiwa mfanyakazi wa shirika unayefikiria kuwapa vijana mizinga, labda makosa yangu yatakusaidia. Ila nitangulize kusema: makosa yale sikuyafanya kwenye mizinga tu. Miezi ile ile nilifanya kosa kama hilo nyumbani kwetu, kwa mdogo wangu.

Tulifika hapa mwaka 2013 kutoka Fizi, Kivu ya Kusini. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu minane. Nimesomea hapa hadi kidato cha nne, kisha pesa ikaisha, nikaanza kazi ya vijana: mpira, mikutano, kuwapeleka watoto wa mtaa kliniki, kazi zile zote ambazo ukizifanya watu wanakuita "tichaa" hata kama hufundishi. Mwaka 2023 shirika moja lilitupa mafunzo ya ufugaji nyuki. Siku tano, mwezi wa saba, jua kali, vumbi tupu. Tukapewa mizinga sita, mavazi mawili ya kinga na bomba moja la moshi.

Mizinga yenyewe ni ile wanayoiita ya Kenya, iliyotengenezwa kule miaka ya 1970. Ni sanduku refu la mbao, pana juu na jembamba chini, kama hori la kunyweshea ng'ombe. Juu yake vinapangwa vijiti, kila kimoja upana wa milimita 32, na nyuki wanajenga sega moja chini ya kila kijiti. Ukitaka kuangalia ndani unainua kijiti kimoja na sega lake, huna haja ya kubomoa nyumba nzima kama kwenye mzinga wa gogo. Tuliining'iniza kwa waya kati ya nguzo, mbali na nyumba na mbali na njia ya watoto wanaokwenda maji. Waya tukazipaka grisi ili siafu wasipite. Vijiti tukavisugua nta na mchaichai. Mvua za mwezi wa tisa zilipokuja, nyuki wakaja nazo. Kufika Krismasi mizinga yote sita ilikuwa na wenyeji, na mwezi wa kwanza tukavuna kilo tisa. Tulipiga picha nyingi sana siku ile.

Halafu mwezi wa tatu ukafika. Migunga ikatoa maua, mikaratusi ikatoa maua, maharage, kishona nguo, kila kitu. Jioni nyuki walikuwa wananing'inia nje ya mlango wa mzinga kama ndevu za mzee. Sisi tukashangilia. Tulisema, angalieni, nyuki wamekuwa wengi mpaka nyumba haiwatoshi! Maneno hayo tuliyasema kwa midomo yetu wenyewe na hakuna aliyejiuliza maana yake.

Kuna dada mmoja katika kikundi, ana mikono mitulivu kuliko sisi wote. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa ananiomba naye avae vazi afungue mzinga. Nilimwambia subiri. Mavazi yalikuwa mawili, na kila safari waliovaa walikuwa wale wale, mimi wa kwanza. Wengine kazi yao ilikuwa kushika bomba la moshi, kubeba ndoo, na kusimama njiani wakitazama. Siku moja mwisho wa mwezi wa tatu nilikuwa nimeinua sega la pembeni, yeye akiwa nyuma yangu na shuka kichwani, akasema, "Kaka, hicho kinachoning'inia chini kama ganda la karanga ni nini?" Nikamjibu ni sega limejengwa vibaya. Sikujua. Lakini nilijibu kama anayejua, na nikafunga mzinga.

Siku ya nne baada ya hapo, saa nne asubuhi, mzinga wa kwanza uliunguruma. Sina neno lingine. Nyuki walimwagika mlangoni kama maji ya mfereji uliopasuka, wakajaa hewani, wakazunguka, kisha wakakusanyika kwenye tawi la mgunga, bumba moja kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Tukapiga sufuria. Mwenzetu mmoja alisema kwao hufanya hivyo na nyuki wanashuka. Hawakushuka. Kesho yake mchana bumba likafumuka, likaenda upande wa vilima. Wiki moja baadaye, mzinga ule ule ukatoa bumba lingine, dogo. Waliobaki walikuwa wachache hata kulinda masega hawakuweza. Nondo wa nta wakaingia, wakayafuma masega yote kwa utando mweupe. Huo ulikuwa mzinga wa kwanza kupotea.

Niliogopa. Si kwa sababu ya asali tu. Kila mwezi naandika ripoti, na kwenye ripoti kuna kisanduku kimeandikwa: mizinga yenye nyuki, ngapi? Basi nikaanza kutafuta jinsi ya kuwazuia.

Kwa mzinga wa nne nilitumia wavu. Niliambiwa malkia ni mnene kuliko nyuki vibarua, kwa hiyo ukiweka mlangoni wavu wenye matundu madogo, vibarua watapita na malkia atabaki, na bila malkia kundi haliendi popote. Hilo ni kweli kabisa. Nyuki walitoka, wakazunguka hewani, wakagundua mama yao hayupo, wakarudi. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajiona fundi. Kumbe na madume nao ni wanene. Walikwama kwenye wavu kwa makumi, wakafa pale pale, wakaziba mlango. Ndani joto, nje harufu. Siku ya tatu niliutoa ule wavu nisafishe, na wao hawakungoja hata jioni. Nusu iliyobaki nayo ilihama yote baada ya siku kumi. Nilikuta masega matupu, safi, kama nyumba iliyofagiwa kabla ya safari.

Kwa mzinga wa sita nilitumia kisu. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa kwamba zile karanga ni vyumba vya malkia mpya. Nilizikuta saba kwenye kingo za masega. Nikakata zote saba nikazikanyaga. Nilichosahau kuangalia ni kama malkia mzee bado yumo. Hakuwemo. Alikuwa ameshaondoka na nusu ya kundi siku ambayo hakuna mtu aliyekuwa zamu. Nami nikawa nimeua mabinti zake wote, na mayai ya kulea malkia mwingine yalikuwa hayapo tena. Kundi lisilo na malkia halifi siku hiyo. Linaendelea kutoka na kuingia, ukilitazama kutoka mbali unasema mambo ni salama. Baada ya wiki chache vibarua wenyewe wanaanza kutaga, mayai mawili matatu katika tundu moja, na yote yanatoa madume tu, kwa sababu kibarua hajapandwa. Kundi linazeeka taratibu mpaka linaisha. Kwenye ripoti ya mwezi wa nne mzinga wa sita niliuandika una nyuki.

Sasa nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa amefika miaka kumi na tisa. Alikuwa anataka kwenda Kampala. Rafiki yake anatengeneza simu huko, alimwambia kuna meza, kuna kazi. Sisi kwenye karatasi ya familia tuko watano: mama, mimi, yeye na wadogo wawili wa kike. Mnajua wote jinsi mgao ulivyopungua, na mnajua mtu asipoonekana siku ya uhakiki inavyokuwa. Nilipiga hesabu hiyo. Lakini siyo hesabu tu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni siku tulipotoka Fizi, sehemu ya njia. Nilikuwa naona nikimwachia aende, nimemwangusha.

Aliniambia, "Yaya, mimi niko mutu muzima sasa."

Nikamwambia mtu mzima halali kwenye duka la mtu.

Halafu nilifanya jambo la aibu. Nilichukua kitambulisho chake cha ukimbizi nikakificha. Nilikiweka ndani ya daftari la mafunzo ya nyuki, daftari likawa ndani ya begi la mavazi, begi nikalifunga kwa kufuli. Nilijua bila kitambulisho hatakwenda. Sheria ya Uganda ya wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi, hiyo naifundisha mimi mwenyewe kwenye mikutano ya vijana. Na mimi huyo huyo nikamnyang'anya ndugu yangu haki hiyo kwa kufuli la shilingi elfu tatu.

Aliondoka wiki ya pili ya mwezi wa nne, usiku, na lori la ndizi. Bila kitambulisho.

Mama hakunipigia kelele. Alikaa mlangoni akichambua maharage, akasema tu, "Mwanangu, mtoto hafungwi na karatasi."

Baada ya siku tisa ilikuja simu ya rafiki yake. Mdogo wangu alikuwa amesimamishwa barabarani usiku, hana cha kuonyesha, akalala mahabusu siku mbili. Nilikitoa kitambulisho kwenye daftari. Kilikuwa kinanuka moshi na nta. Nikampa dereva wa teksi anayekwenda Kampala, nikalipa nauli ya kadi ile kama vile nalipia mtu.

Ni katika siku hizo ndipo mzee mmoja Mrundi alianza kusimama kwenye njia karibu na mizinga yetu. Sisi tulimwita Mutama, kama Warundi wanavyowaita wazee wao. Alikuwa amefuga nyuki kwao tangu utoto, mizinga ya magogo. Siku tatu alisimama tu. Ya nne akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Muzinga hii iko ngapi?" Nikamwambia ilikuwa sita. Akatikisa kichwa.

Mwenye shamba jirani yetu ni Munyankole, naye siku hiyo alikuwapo. Yeye anasema omuzinga. Mutama kwa Kirundi anasema umuzinga. Mimi mzinga. Lugha tatu, neno moja, tulicheka. Nikawaambia kwamba kwa Kiswahili mzinga pia ni ile silaha kubwa inayolia. Mutama akasema ile ya kwetu inatosha, nzuri hii yenye asali. Hatukucheka tena sana.

Nilimweleza yote: sufuria, wavu, kisu. Nilisema nyuki wetu wamekimbia. Akanishika mkono.

"Hapana, kijana. Nyuki hazikukimbia. Zimezaa."

Hapo ndipo nilifundishwa jambo ambalo siku tano za mafunzo hazikulitaja. Kuna kuhama na kuna kuzaa. Nyuki wanahama wakiwa na njaa, wakichomwa na jua, siafu wakiingia, au mtu akiwasumbua kila siku. Hapo wanaondoka wote, na hawaachi mtu. Lakini kundi likiwa na afya, chakula kingi, nyumba imejaa, linafanya kitu kingine: linagawanyika liwe makundi mawili. Linalea malkia wapya kwenye zile karanga. Tangu yai litagwe hadi malkia kutoka ni siku kumi na tano au kumi na sita. Karanga za kwanza zinapozibwa, kundi linaondoka na kwenda kuanza maisha mapya. Kwa hiyo nilichokiita balaa kilikuwa ni uzazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha kujifungulia nikipiga sufuria.

"Na anayetoka ni nani?" Mutama aliniuliza.

Nikasema malkia mpya, bila shaka. Vijana ndio wanaotoka.

"Hapana. Anatoka mama. Mama mzee anachukua nusu ya watu, wanashiba asali ya safari, wanaenda kulala kwenye mti kama sisi. Nyumba, akiba, watoto, vyote anamwachia binti."

Baadaye nilisoma zaidi kwenye simu kuhusu lile bumba linalokaa kwenye tawi. Kumbe halipumziki tu. Linajadiliana. Nyuki wachache wakongwe wanatumwa kutafuta nyumba, wanarudi na kucheza ngoma juu ya migongo ya wenzao, wakieleza upande na umbali. Kila aliyeona pango zuri anacheza sana, aliyeona baya anacheza kidogo, mpaka wanakubaliana. Aliyegundua hilo ni Mjerumani, Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973 kwa kueleza lugha ya nyuki. Lindauer aliwatazama nyuki hao Munich, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mji ukiwa bado magofu. Aliona wachezaji wamechafuka, wengine masizi, wengine vumbi jekundu la matofali, wengine unga. Hawakuwa wametoka kwenye maua. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuishi ndani ya nyumba zilizobomolewa. Hapo niliiweka simu chini kwanza.

Basi Mutama akatufundisha kazi. Kanuni yake ilikuwa fupi: huwezi kulizuia kundi lisizae, lakini unaweza kulizalisha wewe kabla halijatoka. Nitaieleza kama tulivyoifanya kwenye mzinga wa pili, mwezi wa tano, maana ulikuwa na karanga nne na malkia bado yumo.

Kwanza, ukaguzi. Maua yakianza, fungua mzinga kila baada ya siku nane. Siyo kila siku, utawachosha wahame. Siyo kila mwezi, utakuta wameshakwenda. Fanya jioni, jua likishalegea, kwa moshi wa magunzi makavu, polepole. Inua kijiti kikiwa wima, usikilaze, sega jipya linakatika kwa uzito. Tazama kingo za chini. Ukikuta kikombe kidogo kitupu, usiogope, vikombe vitupu vipo siku zote. Ukikuta yai ndani, au mtoto anaogelea kwenye maziwa meupe, kundi limeshaamua.

Pili, nafasi. Kabla hawajaamua, ukiona masega yamekaribia kujaza vijiti vyote na jioni wanafanya ndevu mlangoni, wape mahali pa kujenga. Vuna asali iliyozibwa ya pembeni. Chomeka vijiti vitupu karibu na masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, kimoja hapa kimoja pale. Kivuli nacho ni nafasi. Mzinga wenye jua la mchana kichwani unajaa kabla haujajaa.

Tatu, kama karanga zenye watoto zipo, gawa. Tulitafuta malkia, tumbo refu, mabawa yanaonekana mafupi, anatembea kama mtu asiye na haraka. Tukamchukua na sega alilokuwa amesimama, pamoja na masega mawili ya majana na mawili ya asali na chavua, nyuki wakiwa juu yake. Tukakung'uta nyuki wa masega mengine mawili waongezeke. Tukaviweka vyote kwenye mzinga mtupu, tukafunga mlango kwa nyasi, na usiku ule ule tukaupeleka kwa baiskeli mahali pa mbali, mwendo wa saa moja. Ukiuweka karibu, wale wanaokwenda maua watarudi nyumba ya zamani na mama atabaki na watoto tu. Kwenye mzinga wa zamani tuliacha karanga mbili zilizo nzuri, tukakata nyingine mbili. Tukafunga na hatukugusa kwa wiki tatu. Binti anahitaji siku za kutoka, siku za kuruka akapandwe, na siku za kuanza kutaga. Ukimchungulia unamharibia.

Aliyemtafuta malkia jioni ile, akamwona, akamwinua bila kuumwa hata mara moja, ni yule dada. Mimi nilishika bomba la moshi. Kabla hatujaanza nilimwambia mbele ya wote kwamba mwezi wa tatu aliniuliza swali sahihi na nilimjibu uongo.

Mzinga mtupu wenyewe tuliupata kwa sababu kundi la kwanza lilikuwa limekufa. Hilo nawaambia ndugu zetu wa mashirika, kwa heshima: mkileta mizinga sita yenye matumaini ya kujaa, leteni na miwili ya kukaa mitupu. Na mwalimu aje mwezi wa tatu, wakati nyuki wana maswali, siyo mwezi wa saba tu wakati hawapo. Vazi la tatu na la nne lingewafundisha vijana wengi kuliko fulana zenye nembo.

Baada ya kugawa mzinga wa pili, kwa wiki nyingi neno la Mutama halikunitoka. Anatoka mama. Mimi nilikuwa nikijiona mlinzi wa mlango. Nyumbani nalinda mdogo asiende. Kwenye kikundi nalinda vijana wasiharibu mizinga. Vijana ishirini na wawili, mavazi mawili, na mimi ndani ya moja siku zote. Wale waliokuwa wanasimama njiani wakitazama, si ndio zile ndevu za mlangoni? Sita waliacha kuja kabla ya mwezi wa saba. Niliwaita wavivu. Hawakuwa wavivu.

Mwezi wa tisa niliitisha mkutano nikasema naondoka kwenye uongozi. Walidhani nimekasirika, au nimepata kazi. Dada yule alichaguliwa. Mimi na wanne wengine tuliondoka na mzinga ule tuliougawa, pamoja na mwingine tulioutega wenyewe, tukaanzisha sehemu ya pili kwenye ardhi ya yule jirani Munyankole, kwa makubaliano ya kumpa sehemu ya asali. Mavazi tuliyaacha. Vifaa tuliviacha. Bomba tuliloanza nalo lilikuwa kopo la maziwa lenye matundu. Sikujua kwamba kuondoka kwenye kitu ulichokijenga mwenyewe kunauma hivyo, hata kama umbali ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Wiki za kwanza nilikuwa napita pale njiani makusudi nione kama wamepaka grisi.

Mwezi wa kumi na moja niliomba nitolewe kwenye karatasi ya mama, nipate yangu. Nina miaka ishirini na mitano. Kumbe aliyekuwa amezidi nyumbani ni mimi, si mdogo wangu. Chumba kizuri nilikuwa nimelala mimi, shamba nilikuwa nimeamua mimi, na yeye alikuwa analala jikoni. Mama alilia kidogo, halafu akanipa sufuria mbili na blanketi.

Mdogo wangu alirudi mwezi wa kumi na mbili kuwaona wadada. Amekonda, amejifunza kubadili skrini. Alilala kwenye kile chumba. Nilimwomba msamaha kwa mambo ya kitambulisho. Aliniangalia muda, akasema, "Yaya, ungeniuliza tu nitarudi lini." Hajaniambia amenisamehe, nami sijamuuliza. Amerudi Kampala mwezi wa pili. Safari hii kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake na nauli nilimwongezea.

Leo mizinga ni saba ukijumlisha sehemu zote mbili. Kwenye ripoti, kama bado ningekuwa naandika mimi, ningeandika pia mitatu iliyopotea na sababu yake.

Jana usiku yule dada alinipigia. Hakusema habari ya siku wala nini. Alisema, "Kaka, mzinga wa tatu, karanga mbili, zina maziwa. Malkia nimemwona. Una mzinga mtupu?"

Ninao. Nimeufunga kwenye baiskeli tangu asubuhi, vijiti nimevisugua mchaichai, na nangoja jua lishuke.